Bibi Aliyefanywa Bubu

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mwanamke wa maneno. Alizaliwa upande wa Mtwara, akaolewa Palma, kusini ya mpaka, na miaka yote aliyokaa kwetu hakuacha lafudhi ya kwao wala hakujifunza Kireno zaidi ya salamu ya bom dia. Aliuza pweza wa kukaanga mbele ya nyumba. Watu walifuata pweza, wakakawia kwa ajili ya mazungumzo. Mimi aliniita mke mwenzake.

Baba alikuwa amepata kazi ya usafi kwenye kambi ya gesi, na kwa muda nyumba yetu ilitembea kifua mbele. Kisha mji jirani wa Mocímboa ukashambuliwa na watu wenye silaha. Huku kwetu ilianza kusemwa kwamba waliofanya yale wanaongea Kiswahili, na kwamba baadhi yao wametoka ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa kwao Bibi. Mfanyakazi mmoja, mwenzake Baba, alirudishwa getini bila kuelezwa kosa. Mkewe alikuwa mtu wa Lindi. Siku ile Baba alirudi akakaa uani na viatu vyake miguuni mpaka chakula kikapoa.

Kuanzia hapo ndani ya nyumba ikawa Kireno tu. Mdogo wangu akisema "maji" alikula kofi. Mama, ambaye Kireno chake kilikuwa cha kuokoteza, akawa anaonyesha vitu kwa kidole. Aliyebaki ni Bibi.

"Mama, akija mgeni usijibu," Baba alimwambia.

"Nisijibu hata salamu? Nimekuwa ng'ombe?"

"Nitasema wewe ni bubu. Kwa Kireno wanasema muda."

Bibi alicheka. "Muda wangu haujafika, mwanangu."

Baba hakucheka. Alimwondolea karai na jiko la pweza, akapita kwa majirani kuwaomba nao waseme hivyo hivyo. Walikubali upesi, maana kila mmoja alikuwa na lake la kuficha. Na kwa kuwa sasa alikuwa bubu, wakaacha kumsalimia.

Halafu shangazi yangu, binti pekee wa Bibi, akafariki Mocímboa kwa uzazi. Baba hakutaka Bibi aende. Bibi alijifunga kanga, akatangulia kwenye chapa, basi dogo la abiria, akaketi. Tulizika. Wakati wa kurudi tulisimamishwa kwenye kizuizi cha wanajeshi, tukaambiwa tushuke, wanaume huku, wanawake kule. Mwanajeshi mmoja, kijana wa kutoka kusini, akamuuliza Bibi jina.

Baba alijibu kwa Kireno kutoka upande wa wanaume. "Ni bubu, mkuu. Ni mama yangu."

"Bubu kweli?"

"Kweli, mkuu."

Kijana yule alikuwa anavuta sigara. Aliushika mkono wa Bibi taratibu, kama anayetaka kumsaidia kupanda ngazi, akaizima sigara juu ya kiganja. Bibi hakutoa sauti. Machozi yalimtoka tu, na mdomo wake ulikaza mpaka ukawa mweupe. Nilimtazama Baba. Alikuwa anatabasamu. Lilikuwa lile tabasamu lake la kambini, la kuwapisha wakubwa mlangoni, na alilishikilia mpaka mwanajeshi naye akacheka na kusema huyu bubu kweli, pandeni.

Ndani ya chapa kila mtu alitazama nje. Nyumbani Mama alimpaka asali. Baba alichuchumaa mbele ya mkeka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akaongea Kiswahili.

"Imekwisha, Mama. Hapa tuko wenyewe. Sema."

Bibi alimtazama kama mtu anayetazama ukuta.

Nasi wengine aliongea. Jikoni alinisimulia mambo ya ujana wake huku tukimenya muhogo, akicheka kwa sauti ya chini. Hatua za Baba zikisikika uani, alinyamaza katikati ya neno. Baba alibembeleza, akaleta kanga mpya, baadaye akapiga kelele, na siku moja alimshika mabega akamtikisa.

"Mwache," Mama alisema. "Si wewe uliyesema ni bubu?"

Palma nayo iliposhambuliwa tulikimbilia ng'ambo, tukafika Mtwara tukiwa na nguo za mwilini. Kule lafudhi ya Bibi ilikuwa lafudhi ya kila mtu. Aliongea sokoni, kisimani, na wauza nazi, na watoto wa watu. Baba alikuwa anasimama mbali kidogo kumsikiliza. Akisogea, Bibi alinyamaza, na wale waliokuwa wakizungumza naye wakamwona Baba kama mtu aliyeleta harufu mbaya.

Bibi alipougua akazidiwa, Baba hakuondoka kando ya kitanda. Saa yake ilipokaribia, aliona midomo yake inacheza, akainama akatega sikio. Ilikuwa shahada.

Baada ya khitma alinikuta naosha sufuria.

"Mlikuwa mnakaa naye. Alikuwa anasema nini juu yangu?"

"Hakuwa akikutaja, Baba."

"Hata kunitukana?"

"Hata."

Alichukua sufuria moja akaanza kuisugua, ingawa ilikuwa safi. Sikumwambia aiache. Kambi ya gesi ilipoanza kuita watu tena, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurudi. Mimi, Mama na mdogo wangu tulibaki Mtwara. Akipiga simu, huanza kwa Kireno.