Usukani wa Kulia

Eti gari yenye usukani kulia haifai barabara ya Burundi? Nani alikuambia? We ulishakaa ndani? Mi nilikaa. Kiti cha kushoto, upande ule malori yanakuja, goti kwenye mlango, shingo nje kama bata. Kwa hiyo usinifundishe.

Gari ilikuwa ya rafiki yangu, muuza vitenge wa mtaa wetu wa Waswahili, pale Gitega. Aliitoa Tanzania, kule wanaendesha kushoto. Sisi tunaendesha kulia, usukani ukabaki upande wa majani. Gari ya spoti, nyekundu, milango miwili, viti viwili, chini chini kama sahani. Mbuzi akisimama barabarani tulikuwa tunatazamana naye uso kwa uso. Watu wa Makebuko waliokuja sokoni waliuliza kama bado itakua.

Fundi nilikuwa mi. Shule ya ufundi sijui hata mlango wake. Nilijifunza kwa kufungua pikipiki za watu na kuzirudishia kabla hawajaamka.

Sasa, gari kama ile, ukitaka kupita lori, dereva haoni kitu. Anaona matako ya lori tu, na vijana wa baiskeli walioishika kwa mkono mmoja iwavute mlimani. Anayeona ni wa kushoto. Donc, yaani kila mlima, kutoka Bugendana mpaka Ngozi mpaka Muyinga kwa wateja wake, kazi yangu ilikuwa kutoa kichwa: "Bado. Bado. Baiskeli ya ndizi inashuka, bado... Pita!" Na yeye anapita.

Halafu Muyinga, kati ya wateja, akapata mchumba. Baba wa msichana, muzee anayeuza mchele, akaizunguka gari kama mtu anayekagua ng'ombe mgonjwa.

"Mwanangu, bibi harusi atakaa wapi?"

"Hapa kushoto, baba."

"Upande wa malori?"

"Ndiyo, baba."

"Na hina mkononi, atoe kichwa apige kelele 'pita, pita'? Kwani mi nilizaa konvoyeri wa basi?"

Watu wakacheka. Mi sikucheka. Muzee akakata neno: usukani uhamie kushoto, kama si hivyo ndoa ingoje mpaka kijana apate gari ya watu.

Hapo ndipo wajuaji wote wa Muyinga walizaliwa. Binamu wawili wa msichana, watu ambao hawajawahi kumiliki hata toroli, wakaanza kuongeza. Kwa vile inakatwa, iwekwe bawa nyuma. Taa za buluu chini. Egzosi ya kuamsha mji. Mmoja akataka tuiinue kwa springi za pikapu. Nikamwambia, "Sha, ukitaka kukaa juu, nunua ngazi."

Fundi wao naye alikuwa na akili zake. Akate dashibodi, aweke usukani kushoto, halafu auunganishe na chuma cha upande wa kulia kwa mnyororo wa pikipiki. Mnyororo! Ukikatika kwenye kona, we unabaki unazungusha usukani kama unatafuta redio, gari inaenda kuchuma kahawa ya watu.

"Iko inafanya kazi," akasema. "Nilishafanyia watu."

"Watu hao wako wapi?"

Akainama kuangalia tairi.

Rafiki yangu akanivuta pembeni. "Umva, sikia, mi nampenda huyu msichana. Kata we. Ukikata we, sitaogopa."

"Mi sikati."

"Sababu ya mnyororo au sababu ya kiti?"

"Vyote viwili!" Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka nje. Nifiche nini? Kile kiti kilikuwa changu. Nani alimfikisha Muyinga kila safari na meno yake yote mdomoni?

Msichana alikuwa mlangoni, ametusikia. Akasema, "Mnamuuliza baba, mnamuuliza fundi, mnawauliza hao wawili wa taa. Atakayekaa ni mi. Niacheni basi nikae." Akaingia kwenye gari. Mama yake akaita jina la Mungu. Rafiki yangu akaniangalia, nikamwambia nenda, nikapanda teksi ya pikipiki nikawafuata barabara ya Kobero, ya kwenda mpakani. Kulinda, si kuchungulia.

Mlimani wakaikuta lori ya simenti, inapanda kama ina mimba. Kichwa kikatoka kushoto, mtandio umefungwa chini ya kidevu. "Bado!" Mama yangu, sauti! Binti wa duka la mchele, amezoea kuita wabebaji kutoka ng'ambo ya soko. "Bado, we! Bado!" Hata mwenye pikipiki yangu akafunga breki, ametii. Halafu: "Pita!"

Gari ikaruka. Hapo nikaona kitu. Mi nikisema pita, rafiki yangu alikuwa anasogeza gari kidogo kwanza, achungulie mwenyewe. Kidogo tu. Sikuwahi kumlaumu, kila mtu ana roho moja. Siku ile hakuchungulia.

Waliporudi, msichana akamwambia muzee: "Baba, usukani ubaki pale pale. Ukihama, mi nitakuwa mzigo kama vitenge." Muzee akakohoa, akazungumzia bei ya mchele.

Ndoa ikafungwa. Gari ikabaki vile ilitoka kiwandani, bila bawa, bila taa. Binamu wakaruhusiwa kufunga utepe. Wote wakanipa mkono, eti nimeshinda. Nikarudi Gitega nyuma ya pikapu ya vyombo, nimekumbatia sufuria ya pilau.

Mpaka leo boliti za gari ile nafunga mi, na ukiisema vibaya mbele yangu tutapigana. Ila we unayetaka kukata ya kwako, uweke bawa na taa za buluu, nijibu: nyuma ya lori, mlimani, uko na nani wa kukuambia "pita", ukapita bila kuchungulia?