Bango la Ng'ombe wa Mabira

Mwanangu Anselimi hakumuoa Yovitha wa Mabira kwa sababu ya picha niliyoichora mimi kwa mkono huu huu, na bora niseme hivyo mwanzoni kabisa, maana hapa Kituntu wapo wanaoanza kuisimulia habari hii mbele yangu, kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mkononi, na wanaongeza chumvi. Mimi siongezi. Aibu yenyewe inatosha.

Shule niliachia darasa la nne, lakini herufi nilizipenda, ndiyo nikawa mchora mabango. Kinyozi, mashine ya kusaga, duka la madawa ya mifugo, hata ule ukuta wa kigango wenye Yona na samaki (samaki alinishinda, watoto wanasema ni kiatu), zote ni kazi zangu. Nisichoweza ni sura za watu. Kila mtu nikimchora anatoka anafanana na mimi nikiumwa jino.

Sasa miaka ile ya tisini, kambi za wakimbizi zilipofungwa, mpwa wangu Deo, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa karani kwa watu wa misaada, alirudi nyumbani na kompyuta kuukuu waliyomwachia. Humo ndani akatengeneza mchezo, kwa akili yake mwenyewe, sijui alifanyaje na msiniulize. Wewe unayecheza unakuwa mgambo, ng'ombe kaibiwa kijijini, unabonyeza vitufe unaingia nyumba hii na ile, unauliza watu, na mmoja wao anadanganya, basi kazi yako ni kumjua. Akapanga kibanda pale barabarani, akaazima jenereta, akangoja wateja. Hawakuja. Wapita njia walimwona kijana amekaa mbele ya mashine anagonga vitufe, wakadhani ni ofisi ya kodi, wakaongeza mwendo.

Akanijia. "Mjomba, nichoree bango la mlangoni."

Nilimchorea mwizi mwenye panga, mgambo mwenye tochi, wanawake wawili wanalia, nyumba, na mbwa. Deo alisimama akaliangalia muda mrefu, kijana mwenye adabu yule, akasema, "Mjomba, ukishamwonyesha mwizi, mtu aingie ndani kutafuta nini? Halafu mbona mwizi, mgambo na hawa akina mama wote ni wewe?"

"Ndivyo walivyotoka."

"Weka kitu kimoja. Kikubwa. Mtu anapita na baiskeli, ana mkungu wa ndizi nyuma, aone akiwa mbali, ajiulize, ashuke."

Nikaamua kuchora ng'ombe peke yake. Na hapo, katika kuamua ni ng'ombe gani, ndipo nilipomuua mwanangu nikiwa nimemwacha mzima.

Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa Mabira, mimi na mshenga, kwa Mzee Laurenti, baba yake Yovitha. Anselimi alikuwa amemngoja yule binti miaka miwili, hataki kusikia jina lingine, na siku hiyo tukakubaliwa, ndoa baada ya msimu wa kahawa. Nikiwa natoka kujisaidia nyuma ya migomba nikaona zizi dogo, na ndani yake ng'ombe ambaye mpaka leo nikifumba macho namwona: mwekundu wa kukoza, pembe ya kushoto imeshuka mpaka karibu na jicho, sikio limepasuka, na begani doa jeupe kama kiganja kilichofunguliwa. Kando yake ndama, naye ana kiganja chake. Mzee Laurenti akaja mbio akanishika mkono, "Tuingie ndani mkwe, jua kali." (Kulikuwa na mawingu.) Tukaingia, nikapewa maziwa, nikasahau kujiuliza.

Basi huyo ndiye niliyemchora. Nilisema moyoni, Mabira ni mbali, nani huku atamjua. Mimi, mtu niliyezaliwa Karagwe, ninayejua kwamba huku kwetu mtu anaweza kumsahau shemeji yake lakini ng'ombe aliyemwona mara moja hamsahau mpaka anakufa. Nikamweka katikati ya ubao, mkubwa, na ndama nyuma yake kwa kuwa palibaki nafasi, na chini nikaandika kwa herufi nyekundu: HUYU ALIIBIWA. YUKO KWA NANI?

Tukalitundika siku ya gulio. Watu walishuka kwenye baiskeli, wengine wakaacha mbuzi zao, kibanda kikajaa mpaka Deo anatokwa jasho akiwapanga foleni. Na mimi pale nje nimevaa koti langu la Jumapili, napokea sifa. Kumbe mzee mmoja alikuwa amesimama muda wote hasogei, na kofia ameivua. Alikuwa Mzee Bernadi wa Songambele, alikuja kununua mbuzi.

"Shikamoo mzee," nikamwambia, ingawa tunalingana, furaha tu.

Hakuitikia. "Huyu umemtoa kichwani?"

Ningesema ndiyo. Neno moja, ndiyo, na leo ningekuwa na wajukuu Mabira. Lakini mtu aliyesifiwa tangu asubuhi anataka asifiwe mpaka jioni, nikasema, na nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Kichwani vipi, mzee, nimemwona kwa macho haya, zizini kwa mkwe wangu Laurenti wa Mabira, na ndama wake huyu hapa."

Akakaa chini kwenye vumbi, mtu mzima. Kisha akaeleza, taratibu, kama anayesoma. Ng'ombe ni wake, jina lake Bihogo. Alipolazwa hospitali muda mrefu alimwacha kwa rafiki yake Laurenti amtunzie. Aliporudi akaambiwa Bihogo alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, na bwana mifugo akaamuru azikwe na ngozi yake. "Nilimpa pole," akasema. "Mimi nilimpa yeye pole. Na alipokufa hakuwa na ndama."

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja.

Mimi nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka nauma mto. Nilichukua brashi, mbele ya macho yao, nikaanza kulifuta lile doa la begani kwa rangi nyekundu. Rangi ikachuruzika ubaoni, ikanidondokea kwenye koti, na mama mmoja muuza maharage akasema, "Mwoneni, anaficha. Hawa wamegawana." Deo akaninyang'anya brashi.

Kesho yake Mzee Bernadi na mwenyekiti wa kijiji walikodi pikapu kwenda Mabira, wakapakia bango, na mimi nikawekwa nyuma nilishikilie, rangi isije ikakwaruzika. Kila tulipopita watu walisoma yale maneno, kisha wakanitazama mimi niliyekaa chini yake.

Yovitha ndiye aliyetupokea. Alipiga magoti kunisalimia, akiamini nimeleta habari za harusi, alipoinua macho akaliona bango. Hakulia. Alimtazama ng'ombe, akageuka akatazama kule nyuma ya migomba, akaingia ndani, na mimi sikumwona tena.

Mzee Laurenti hakubisha. Alisema ng'ombe wake wanne walikufa mwaka ule kwa ndigana kweli, watoto wakabaki bila tone, na Bihogo peke yake akapona, akashindwa kumrudisha, akasema uongo mmoja kisha ukamshinda kuuvunja. Halafu akanigeukia. "Mkwe, ungeniuliza. Ulikaa kwangu siku nzima. Ungeniuliza tu." Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuniita mkwe. Bihogo na mwanawe walitolewa zizini, wakaondoka na mwenyewe kwa miguu kwenda Songambele, na mshenga wetu alirudishiwa kila tulichopeleka, mpaka kanga ya mama, imekunjwa vizuri.

Nilimwambia Anselimi mwenyewe, nilitaka asikie kwangu. Alikuwa anapalilia. Aliuliza swali moja, "Baba, ng'ombe wote wa Karagwe hawa, ulimkosa mwingine?" Akarudi kwenye jembe lake. Mwezi uliofuata akaenda Bukoba kutafuta kazi. Yovitha aliolewa baadaye upande wa Kyerwa, na mzee mmoja mwenye watoto tayari.

Tangu hapo sichori kitu chenye macho. Herufi tu, na nikiletewa kazi ya picha nasema mkono umekufa ganzi. Na nikiingia kwa mtu, nakaa mlangoni, natazama miguu yangu mpaka niage.

Anselimi huja Krismasi. Anatoa shikamoo, anaweka sukari mezani, anamuuliza mama yake kuhusu kahawa na migomba, na kabla jua halijafika kichwani ananiaga, "Haya mzee," siyo baba, mzee, anapanda baiskeli ya kukodi mpaka stendi. Nasimama pale nje mpaka apotee, halafu naendelea kusimama.