Babu yangu alivyohangaika kusoma duara za jiwe la Hanang, neno moja likamponza na kumwokoa

Wakuu, shikamooni mlionitangulia. Wa rika langu, mambo vipi.

Mimi humu huwa nasoma tu, sikomenti. Shule yangu iliishia la saba na naandika taratibu, mnivumilie. Habari hii nilisimuliwa na babu mzaa baba kwa mdomo wake, na jiwe lenyewe nimelishika kwa mkono wangu. Chumvi sitaongeza.

Sisi ni watu wa Dongobesh, Mbulu. Babu aliitwa Athumani. Wakati wa Mwingereza alikuwa kijana mchuuzi, anapakia chumvi na nguo kwenye punda, anashuka nazo minadani kwa wafugaji wa Kibarabaig, tambarare za Hanang.

Njiani kulikuwa na jiwe kubwa, upande mmoja bapa. Upande huo umechongwa duara ndani ya duara, katikati kishimo. Ziko mbili mbili, jiwe zima.

Aliyechonga hajulikani. Wairaqw walisema wamelikuta. Wabarabaig nao walisema wamelikuta.

Wapita njia wengine walijisaidia nyuma yake wakaendelea na safari. Babu akasimama.

Alichukua kipande cha marekani, ile nguo nyeupe ya biashara, akakitandaza juu ya jiwe na kukisugua kwa mkaa. Duara zote zikatokea kwenye nguo. Hakuna aliyemfundisha. Mimi nilifika pale na simu yenye kamera, picha zikatoka giza tupu.

Nguo akaipeleka kwa mwalimu wake wa madrasa, maana herufi alizozijua ni za Kurani tu. Aliamini duara lenye nukta ni nuni, ile herufi ya Kiarabu iliyo kama bakuli wazi lenye nukta.

Mwalimu akaigeuza, akaigeuza tena.

"Athumani, nuni gani hii imefunga mdomo? Nenda kauze chumvi."

Sokoni ikawa mbaya zaidi. Akina mama waliishika ile nguo wakauliza, "Hii yenye madoa si utatupunguzia?"

Alichekwa miaka. Hakuacha.

Kisha Bwana Shauri, yaani mkuu wa Kizungu pale bomani Mbulu, akaamuru barabara ipite kule chini. Barabara inataka kokoto, na jiwe lilikuwa jirani na njia. Babu akapanda bomani kuomba liachwe.

Bwana Shauri hakumfukuza. Alimuuliza, "Linasema nini?"

Babu akajibu kwamba bado hajajua.

"Ukijua kabla nyundo hazijafika, njoo uniambie. Usipojua, hilo ni jiwe tu."

Marafiki wakamshauri aseme ni kaburi la mtu mkubwa, yaishe. Babu akakataa. "Wakichimba wakakosa mifupa, nani atanisikiliza tena?"

Hapo namvulia kofia. Mimi ningesema kaburi.

Akashuka kwa wafugaji kuuliza. Kaya ya kwanza aliulizia "michoro" ya kwenye jiwe. Wazee wakainuka wakaenda zao. Siku zile mchoro ni ramani, na ramani ikifika ujue ardhi inaondoka.

Kaya ya pili akabadili neno. Akatangaza kwa sauti, "Nimekuja kuona michanjo!"

Wakuu, miluzi ikapigwa. Vijana wakaswaga ng'ombe mbio mpaka vumbi likafunga njia. Yeye alimaanisha chale za kwenye jiwe, wao wakadhani ni mtu wa mifugo kaja na sindano za chanjo. Na sindano ikija ng'ombe wanahesabiwa, wakihesabiwa kuna wanaochukuliwa.

Akabaki mama mmoja mtu mzima, Mama Gidahoda, amejishika mbavu kwa kucheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sindano iko wapi?"

"Sina sindano. Nina nguo."

"Umefukuza ng'ombe wote kwa nguo?"

Babu akaikunjua. Mama akaacha kucheka.

Kwa wasiojua, wanawake wa Kibarabaig wa zamani walichanjwa duara kuzunguka macho. Ni urembo wao, na ndivyo wanavyojulikana. Babu alimuuzia mama yule chumvi kila mnada, uso wake anaujua. Siku hiyo akautazama uso, akatazama nguo, akarudi kwenye uso.

"Wewe unataka kusoma," mama akamwambia. "Hii haisomwi. Hii imechanjwa kweli. Mimi hapa, unanisoma?"

Babu aliniambia wazi kwamba hakuwahi kuapa kuwa hilo ndilo jibu. Huenda waliochonga ni watu wengine kabisa, waliotangulia wote. Mama naye alisema hajui ni akina nani. Lakini kwa mara ya kwanza kuna mtu alikuwa ameitazama ile nguo bila kumcheka.

Akakimbilia bomani, akaambiwa Bwana Shauri yuko safarini. Akarudi chini, akamchukua mama, wakaenda kwenye jiwe. Nyundo zilikuwa zimeshaanza upande wa nyuma. Wapigaji ni vijana wa Gitting, kule mlimani, na wa tambarare, juu yao nyapara.

"Mchuuzi," nyapara akasema, "umeleta jibu?"

Babu akaanza kuikunjua ile nguo.

Mama Gidahoda akampita. Akaketi chini, mgongo kwenye jiwe, uso kwa wale vijana. Kichwa chake kikawa katikati ya duara mbili.

Vijana wakatazama macho yake. Wakatazama jiwe.

"Piga!" nyapara akafoka.

Kijana wa mbele akashusha nyundo. "Nipige wapi, mzee? Ananiangalia."

"Nani? Huyo mama?"

"Wote."

Nyapara akatukana, akatema mate, kisha akawapeleka kwenye mawe ya korongoni. Jiwe lipo mpaka leo. Nyuma lina kovu la nyundo, ukipitisha kidole unalisikia.

Babu alikufa bila kujua aliyechonga. Uzeeni alikuwa na duka, na kila mgeni aliyefika, babu alimuuliza.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kulipenda jambo maisha yake yote, na bado akathubutu kusema "sijui" mbele ya mkubwa anayetaka jibu. Mimi hilo bado linanishinda.

Kama kwenu kuna jiwe la namna hii, iwe Kondoa, Singida au hukuhuku Hanang, niambieni watu wa hapo wanaliitaje kwa lugha yao. Na kama mnaona babu alikosea, semeni tu. Nitajibu polepole, lakini nitajibu.