Mraba wa Rangi Mbili

Miaka ile ya vita vya msituni huko Kenya, sisi wa Nyarero, ng'ambo ya mpaka, tuliogopa gari lolote lililotokea upande wa Sirari. Mimi niliogopa kuliko wengine, kwa sababu ya kaka yangu.

Kaka alikuwa kibarua katika karakana ya magari ya jeshi, Nakuru. Kazi yake ilikuwa kuyapaka rangi na kuyaandikia namba. Asubuhi moja askari waliwapandisha wenzake kwenye lori, wakiwashuku kuwasaidia wapiganaji wa msituni, na hawakuonekana tena. Kaka hakungoja afikiwe. Alitoroka kazini, akafika nyumbani amekonda, akawa analala shambani kwenye mihogo.

Nilikuwa nimesoma kidogo misheni, basi akanifundisha kwa mkaa ukutani. Namba ndefu ya kwenye boneti ni ya gari lenyewe: tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili, na herufi zinaonyesha kundi lake. Namba iliyo ndani ya duara la njano ni ya uzito, ili dereva ajue daraja lipi litamhimili. Mraba mdogo kwenye bampa unaonyesha kikosi.

"Duara lisikutishe," aliniambia. "Tazama mraba. Ukiona nusu nyekundu na nusu kijani, hao wanatoka karakana yetu. Wananijua kwa sura."

Tulikuwa tunavuna ulezi, mimi na mama, tuliposikia malori. Nikachukua kibuyu kama ninayekwenda kuteka maji. Lori la kwanza lilikuwa limesimama mbele ya daraja letu la magogo. Nikasoma duara kwanza. Nadhani sikutaka kufika kwenye mraba. Kisha nikauona. Nusu nyekundu, nusu kijani.

Sikuwahi kurudi kumwonya. Ofisa Mzungu aliyatazama magogo, akatikisa kichwa, akatuma askari wakusanye wanaume wa kuleta miti ya kuliimarisha daraja. Kaka walimkuta kwenye mihogo, wakamleta pamoja na wengine, shati limejaa udongo.

Alibeba gogo huku ameinamisha uso. Dereva, Mwafrika wa makamo, alimtazama kwa muda, kisha akamsogelea.

"Kijana, wewe si yule fundi rangi wa Nakuru?"

Kaka akalisogeza gogo begani, likamficha uso. Ofisa akauliza kwa Kiswahili chake kuna nini.

"Hapana, bwana," dereva akasema. "Nimemfananisha tu."

Miti ikapangwa, malori yakavuka moja moja, magogo yakilia, yakashika njia ya Tarime mjini. Dereva hakugeuka.

Mama alisema hatari imepita. Kaka akatikisa kichwa.

"Mama, huyu kanihurumia. Atakayekuja kesho simjui."

Jua halijazama, alikuwa ameondoka. Alivuka mto Mara hadi kwa mjomba wetu, kijiji cha Nyansurura, akachunga ng'ombe wake, akaoa huko huko. Hata baada ya vita kwisha hakurudi kukaa Nyarero. Mama ndiye aliyekuwa akimfuata baada ya mavuno. Nami nilipokwenda kumsalimu, injini ikisikika mbali alinyamaza katikati ya neno, mkewe akaendelea kusonga ugali bila kuuliza, mpaka gari lipite.