Pelinobius wa Mama

Mimi kwa mambo ya majina sina subira. Kwa grupu yetu ya wafugaji wa tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, mtu akiandika tu "buibui babuni" namrukia hapo hapo: babuni gani, boss? Ziko chungu nzima zinaitwa hivyo. Moja inataka udongo wa kuchimba shimo refu, ingine inataka pa kufuma utando, na ukimshauri mtu kwa jina hilo moja utamuulia mnyama wake. Andika jina la kisayansi! Wananiita mwalimu, na si kwa sifa.

Wangu ni Pelinobius muticus, rangi ya kutu, anajaza kiganja. Mama ndiye alinipatia. Vijana walikuwa wanamchimbia choo kwake Gilgil, wakamfukua buibui, wakataka kumponda na jembe. Mama akawafukuza, akamfunika na karai, akanipigia simu. Nilifika mbio, nikamtia kwa kopo, nikarudi kwangu Free Area kabla chai haijachemka.

Tangu siku hiyo sikuwa nimerudi. Na Gilgil ni hapo tu, jamani! Mama anaishi peke yake, na kila akipiga simu nilimwambia wikendi ijayo. Huku kila jioni namfungulia buibui kuona kama amekula.

Binti yangu alimwita buibui Shosho, kwa vile alitoka kwa Shosho, nyanya yake. Nikamkemea: ana jina lake! Nikamkalisha chini, akalikariri mpaka likanyooka.

Juzi mama akapiga. "Mwanangu, nimepata ingine."

"Mama, wewe kila kitu cha miguu mingi unaita dudu. Ni gani?"

Akalitamka jina polepole, kama mtu anayesema mstari wa Biblia mbele ya kanisa: "Pelinobius... muticus."

Sikuwahi kumfundisha. Nilipokata simu binti yangu alikuwa ameinamisha macho. "Shosho aliniomba nimfunze," akasema. "Alisema ukisikia hivyo utaenda."

Niliona haya mpaka nikatoka nje.

Jumamosi nilienda, na kopo nikabeba, maana sikujua nitaingiaje mikono mitupu. Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisa. Chapati zilikuwa mezani, zimefunikwa.

"Iko wapi?" nikauliza, mjinga mimi.

"Imetoroka," akasema, akimimina chai bila kuniangalia. "Lakini kama kuna ingine unapenda zaidi, niambie jina lake nijifunze."