Kikwembe Kimoja kwa Kireno

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Kindu, kwenye avenyu yetu ya Mikelenge, hilo si siri. Ukitaka kujua kama jana mvua ilinyesha mjini, usiniulize mimi. Ukitaka kujua kama ilinyesha uani, nitakueleza hadi tone la mwisho. Nilimaliza sekondari, nikapata diploma, nikaifungia ndani ya sanduku, nikakaa karibu nayo. Sikutegemea kwamba siku moja ningekuwa mtu wa hadithi, tena kwa lugha ambayo hata salamu yake siijui.

Aliyenitia humo ni binti wa dada yangu. Vita ya hapa Kongo ilipopoa, dada yangu mkubwa aliolewa na mfanyabiashara, wakashuka mpaka Lubumbashi, wakavuka mpaka, wakaishia Luanda. Binti yao alizaliwa kule. Kiswahili anakisikia vizuri, ila akikisema kinatembea kama mtu aliyeazima viatu. Lugha yake njo Kireno, ndiyo aliyokulia. Mimi nikikisikia kwenye simu naona kina "sh" nyingi, kama mtu anayefukuza kuku jikoni, lakini mama yake anasema mtoto anakiandika mpaka unakaa kimya.

Kuna jarida moja la mtandaoni, halina karatasi hata moja. Kazi yake ni kutafuta wanaoandika kwa Kireno, wa Angola, wa Msumbiji, wa Brazili, popote walipo, na kuzitoa kazi zao ili zisomwe. Alikuwa amekwisha kutuma hadithi huko, wakamkatalia kwa adabu, akatuma nyingine, wakamkatalia kwa adabu zaidi. Safari hii waliikubali. Walikuwa wanangoja neno lake la mwisho tu.

"Mama mudogo," aliniambia kwa ujumbe wa sauti, "njo hadithi ya kikwembe. Mama anasema siwezi kuitoa kama bibi hajakubali. Umuulize."

Nilichoka kabla sijainuka.

Miaka ya vita Kindu ilifungwa kama sufuria iliyowekewa jiwe juu ya kifuniko. Treni haikuja. Njia ya Pangi ilikuwa ya wenye bunduki, na mto nao ulikuwa na wenyewe. Chumvi tuliipika kwa majivu ya magugu ya majini, ikatoka nyeusi na chungu, tukaishukuru. Sabuni tulibaki kuitaja tu. Nguo zilituishia mwilini huku tunazitazama, mpaka mimi na dada yangu tukabaki na kikwembe kimoja, kitenge kimoja tu cha kujifunga na kutokea mbele za watu. Mama alikuwa na chake cha kuswalia, na hicho hakikuguswa.

Dada yangu alikuwa na miguu mirefu na mdomo mrefu kuipita miguu. Basi kikwembe kilitoka naye: kuchuma sombe ya majani ya muhogo, kuteka maji, kutafuta habari. Mimi nilibaki chumbani nimejifunga kipande cha pazia. Watu husema ukaaji wangu wa nyumbani ni tabia. Ilianza kwa kukosa nguo, halafu nikaizoea.

Sisi ni watu wa msikitini, wa zile nyumba za zamani ambako mama hufundishwa sitara kabla ya kufundishwa kupika. Mama ambaye binti yake hana nguo, aibu ile ni yake. Kwa hiyo mama alitangaza kwamba mtoto wake mdogo anaumwa tumbo.

Tatizo ni kwamba kwetu mgonjwa haachwi. Jirani yetu wa ng'ambo ya ua, rika la mama, alianza kuniletea dawa ya majani aliyoyatwanga mwenyewe, chungu ya kukunja ulimi. Hakuingia chumbani, kwa heshima, lakini alisimama nje ya pazia akingoja kikombe chake. Ningeimwaga wapi? Nilikunywa. Naye alikuwa na binti wa rika langu, ambaye walisema anaumwa kichwa. Mama, mtu wa kurudisha wema, akawa anampelekea mizizi aliyoichemsha. Wasichana wengi wa avenyu yetu waliumwa wakati ule. Tulisema ni vita. Yule mwenzangu alipona, akaolewa, akaja kufariki kwenye uzazi miaka kadhaa baada ya amani.

Hiyo njo hadithi niliyotakiwa kuiombea ruhusa. Nilimkuta mama anachagua mawe kwenye mchele.

"Mama, mjukuu wako ameandika habari za vita. Za kikwembe."

Aliendelea kuchagua. "Ataitia wapi?"

"Kwenye jarida. Iko ndani ya simu."

"Gazeti gani hilo, haliwezi hata kufunga karanga?"

"Njo la Kireno, mama. Hapa Kindu nani anasoma Kireno?"

"Mungu anasoma." Alitupa jiwe uani. "Miaka yote ile nilikufunika. Sasa mutoto wa dada yako anakuja kukufunua mbele ya watu wa Brazili."

"Hawatujui."

"Watatujua, tena bila nguo. Mwambie hapana."

Nilimwambia. Kwanza alijaribu kuokoa jambo: akabadilisha, vikwembe vikawa viwili. Dada yangu akanipigia akicheka kwa uchovu. "Hadithi imekufa, mudogo wangu. Vikiwa viwili, wote tunatoka. Nani atabaki ndani?" Baadaye binti alinitumia sauti fupi: atawaandikia wenye jarida kwamba anaiondoa. Alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, bila neno la Kireno hata moja, na hapo nilijua ameumia.

Asubuhi ya pili ukaja ujumbe mwingine, mrefu. Sikuwa nimeufungua. Alasiri yule jirani alikuja kuketi na mama uani, kama kawaida yao, na mama, ambaye alikuwa amemkatalia mjukuu lakini hakukataa kujivunia, akaniambia: "Hebu weka hiyo simu, mwenzangu asikie mutoto wangu anavyosema Kireno."

Niliweka. Mtoto alisoma mstari, "sh" zikaruka uani, jirani akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha sauti ya dada yangu ikaingia, ikiutafsiri mstari kwa Kiswahili chetu kile kile cha hapa:

"Tulikuwa wawili na kikwembe kilikuwa kimoja. Nikitoka, mudogo wangu alikuwa mgonjwa. Nikirudi, alikuwa amepona."

Mama alinyoosha mkono kwenye simu kama anayewahi chungu kinachofurika.

"Acha," jirani alisema.

Ikasomwa mpaka mwisho, mstari wa Kireno, mstari wa Kiswahili. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Ilipokwisha, jirani alinigeukia.

"Kumbe ugonjwa wako njo ulikuwa huo?"

"Njo huo, mama."

"Na dawa yangu ulikunywa?"

"Yote."

"Yote kabisa?"

"Ulikuwa unangoja kikombe."

Alicheka mpaka akajifunika uso kwa pindo la kitenge. Alipoliondoa hakuwa anacheka tena. "Mwenzangu," alimwambia mama, "na wewe ulimnywesha wangu mizizi. Kichwa hakikumuuma hata siku moja. Alikuwa amevaa gunia la mchele."

"Hukuniambia," mama alisema.

"Na wewe uliniambia?"

Mama aliukung'uta mchele uliokuwa kwenye ungo mapajani pake, ingawa ulikuwa umekwisha kuchaguliwa.

"Humo ndani," jirani aliniuliza, akionyesha simu kwa kidevu, "wangu yuko?"

"Hayuko, mama. Dada hakujua. Sisi wote hatukujua."

Aliitikia tu, "Haya," akaanza kujifunga kitenge ili aende zake. Hajafika kwenye njia, mama akasema, "Kaa." Kisha akaniambia nimwonyeshe mahali pa kubonyeza, akaishika simu mbali na uso kama kioo kinachodanganya.

"Mujukuu wangu," alisema, "itoe. Lakini nyumba ziwe mbili. Mama wa hapa jirani atakueleza binti yake alivyokuwa, uandike vizuri, alikuwa mutoto wa heshima. Kikwembe chetu kilikuwa cha kijani, tena kizuri, usiseme kilichanika." Alinirudishia simu bila kubonyeza pa kuzimia, kwa hiyo ujumbe ulichukua pia dakika nzima ya wao wawili kubishana kama kilikuwa cha kijani au cha buluu.

Wenye jarida walikubali kungoja. Hadithi ilitoka na nyumba mbili, na mtoto aliliacha neno gunia kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, la Kireno lilikuwa safi mno.

Sasa jirani huja nikiwa nafua au nimelala kidogo, na nikilala huwa nimelala kweli, si ugonjwa wa kusingiziwa. Ananiomba nimfungulie jarida, nimwonyeshe binti yake alipo. Sijui Kireno. Nateremka na kidole polepole nikitafuta gunia, rezo ya simu inakata, narudi mwanzo, nalipata. Anaweka kidole chake pale. Kidole kinausukuma ukurasa, mahali panapotea, na mimi naanza kutafuta tena.