Nati Mbili za Delphus Teague

Delphus Teague alikuwa na mikono miepesi na hasira za karibu, na timu ya mbio za magari ya Ledbetter ilimtaka kwa yote mawili. Mzee Harlan Ledbetter, mwenye timu, hakumuuliza kama anajua kufunga nati. Alimwona tu uwanjani mwaka 1961, kijana wa kiwanda cha soksi, akiwaangusha wanaume wawili mmoja baada ya mwingine. Akasema, "Huyu nipeni mimi."

Timu yenyewe ilizaliwa katika banda la kuku huko milima ya Carolina. Mzee aliwafukuza kuku, akaliingiza gari lile lile alilokuwa akikimbizia pombe ya magendo. Mwaka wa kwanza walipigana mara nyingi kuliko walivyoshinda. Mwaka wa pili gari liliwaka moto na kumla Mzee nyama ya mkono mpaka kwenye kiwiko. Hakuna aliyefikiria kuacha. Wangeacha wakafanye nini, wakashone soksi?

Delphus akamwoa Oleta, binti wa Mzee. Kaka yake Oleta, Royce, ndiye aliyeendesha gari namba 58, na Delphus ndiye aliyefunga tairi zake za mbele. Kazi hiyo ni ya sekunde. Nati tano hubandikwa kwenye tairi mpya kwa gundi ya njano, tairi inasukumwa mahali pake, nawe unazikaza kwa mashine ya upepo moja baada ya nyingine. Ukikosea, unainua ngumi juu na dereva anangoja. Miaka kumi Delphus hakuinua ngumi hata mara moja, na alijisifia jambo hilo mpaka watu wakachoka kumsikiliza.

Jumapili moja ya Agosti 1971, zikiwa zimebaki raundi thelathini, Royce aliingia kituoni kwa timu yake kubadilisha tairi za kulia. Coy Sizemore, mpinzani wao wa siku zote, alikuwa mbele yake kidogo tu. Delphus alikaza nati tatu. Ya nne ikaruka, na mashine ikaifyatua ya tano pia. Jeki ikashushwa.

"Twende! Twende, jamani!" Mzee alifoka.

Ngumi ilitakiwa iwe juu. Delphus alimwona Mzee, akawaona watu wote wa timu kwenye ukuta wa kituo wakimtazama, na mkono wake ukakataa. Gari likachomoka. Karibu na goti lake zilikuwa nati mbili, gundi ya njano ingali juu yake. Akaziokota, akazifumbata.

Alijiambia zile tatu zitashika. Mjinga mkubwa, alijua hazitashika.

Raundi ya nne baada ya hapo, gari la Coy likapunguza kasi na kubanana na la Royce upande wa nje, yakaenda bega kwa bega. Kutoka ndani ya uwanja watu wa Ledbetter waliona paa la gari la Coy tu likimsogelea Royce. Kisha, Coy akiwa amepita tu, tairi ya mbele kulia ya Royce ikang'oka, 58 ikajipigiza ukutani, ikabiringika mara tatu, ikawaka. Walimtoa Royce akiwa na nyonga iliyovunjika na ngozi ya mgongo imeshikana na shati.

"Coy kamgonga!" mtu akapiga kelele. "Mshenzi kamgonga!"

Mbio ziliposimamishwa walimwendea Coy wote, Mzee akiwa na mpini wa jeki. Delphus alikuwa wa kwanza kufika. Coy alikuwa ametoka garini, kofia mkononi, uso umelowa jasho.

"Delphus, sikiliza kwanza. Ile tairi..."

Hakumaliza. Delphus alimtandika jicho la kushoto kwa ngumi iliyokuwa imefumbata zile nati, na moja ilikuwa imechomoza kati ya vidole. Kitu kilipasuka. Coy akapiga magoti, na Delphus akaendelea kumpiga, tena na tena, kwa sababu Coy alikuwa angali akijaribu kusema. Jukwaani watu walishangilia. Polisi wanne ndio waliomwondoa Delphus juu yake.

Jioni, polisi walipomwachia, Oleta alimwosha damu kwenye vidole, akavibusu. "Umemlipizia kaka yangu," alisema. Mzee alimmiminia glasi kwa mkono wake mwenyewe. Ikawa kila anapopita mjini anapigwapigwa mabegani kwa pongezi. Loo, alivyokunywa wiki ile!

Siku ya kumi Royce akapata fahamu. Walikuwa wamezunguka kitanda chake, Mzee, Oleta na Delphus.

"Coy hajaja?" Royce akauliza kwa taabu. "Mleteni, nimshukuru."

"Umshukuru nani?" Mzee akaruka. "Mtu aliyekugonga?"

"Nani kanigonga? Alitoa mkono dirishani, ananionyesha tairi. Ilikuwa inacheza. Nilikuwa nimeshaanza kukanyaga breki. Bila yeye, Baba, mngenizika."

Mzee akageuka polepole, akamtazama Delphus. Hakuwa na haja ya kuuliza tairi ya mbele kulia ilifungwa na nani.

Delphus aliingiza mkono mfukoni, akaziweka nati mbili juu ya shuka. Kwenye gundi ya mojawapo damu ilikuwa imekauka nyeusi. Oleta aliitazama ile damu. Kisha akampiga mumewe kofi lililomtoa damu ya mdomo, akampiga la pili.

"Mimi niliibusu mikono hii," akasema. "Niondokee."

"Zipeleke kwa Coy mwenyewe," Mzee akasema. "Na usirudi bandani kwangu."

Delphus alimkuta Coy barazani kwake akimenya maharage, kitambaa kimefunika jicho la kushoto lililopofuka. Asingeendesha tena maisha yake yote. Delphus akaziweka nati ndani ya bakuli, juu ya maharage.

Coy alizigeuza kwa kidole kwa muda mrefu.

"Ulikuwa nazo kabla hujanipiga?"

"Nilikuwa nazo."

"Ulijua nilichotaka kusema?"

Delphus alitamani kudanganya. "Nilijua."

Coy akaweka bakuli chini, akasimama. Aliichukua ile nati yenye damu, akaikunjia ngumi.

"Hamia upande huu wa kulia," alisema. "Hapo ulipo sikuoni."

Delphus akahamia, akashusha mikono yote miwili.